Mstari Aliouruka Ibtisam

Asubuhi ile Ibtisam alikuwa amekaa mkekani, ghorofa ya pili, nyumbani kwao Mkunazini, anashona kofia ya mkono. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Rajabu, mwaka 2006, skuli hakuna. Mamake, Bi Asila, kakaa mkabala naye juu ya mto wa sufi, mgongo ukutani. Mama anatia vitobo, vile vitundu vya pambo, kwenye utepe wa pembeni, mtoto ana kile kiduara cha juu. Dirisha li wazi, jirani wa chini anakaanga bizari, na babake, Bwana Suud, keshatoka zamani kwenda kufungua duka lake la vitambaa.

"Vitobo vyako leo vinakwenda upande," mama akasema. "Huyo atakayeivaa atapata kizunguzungu."

"Mama nawe! Macho yako hayo."

"Macho yangu mazima. Mkono wako ndo una usingizi."

Wakacheka. Bi Asila alikuwa mtu wa kucheka, na mkono wake ulijulikana mtaa mzima; wanaume wakikaa safu msikitini waliweza kuonyeshana kofia gani ni yake. Akainuka kwenda kuteremsha maziwa jikoni, huku anaimba kidogo kidogo. Ibtisam akainua macho. Juu ya mto pana doa. Jekundu, bichi, kubwa kama kisahani cha kikombe.

"Mama, hebu rudi."

Bi Asila akarudi, akatazama mto, akajitazama nyuma ya kanga. Ana miaka arubaini na tisa, na siku zake zilikwisha tangu mwaka juzi. Maziwa yakachemka na kumwagika jikoni, wanayasikia yanavyolia juu ya jiko. Na neno la kwanza lililomtoka halikuwa "hii nini?" Alisema: "Usimwambie babako."

Sasa nisikilizeni, jamaa zangu, mama zangu na dada zangu, na nyie kina baba msiondoke, maana hadithi hii yenu vilevile. Mto ulifuliwa, ukaanikwa juani, ukakauka. Lakini damu ilirudi baada ya siku tisa, ikarudi tena baada ya sita. Na Ibtisam ndiye pekee aliyejua. Huyu Ibtisam alikuwa fomu tatu, akili kama wembe, kwa Kiingereza hakuna aliyempita darasani, lakini haya yake ilipita kiasi. Mwalimu wa bayolojia alipofika kwenye mlango wa uzazi, Ibtisam aliinama kufunga kamba za viatu mpaka kengele ikalia.

Bi Asila hakukaa kimya moja kwa moja, tusimsingizie. Alikwenda kuuliza. Ila alikwenda kuuliza jambo moja tu: sala. Alikwenda kwa Bi Mwanakheir, yule mwalimu anayesomesha wanawake darsa la alasiri, akamchukua Ibtisam ili asiwe peke yake.

"Bi Mwanakheir, shikamoo."

"Marahaba, Asila. Mbona umejiziba uso hivyo?"

Akaeleza kwa kunong'ona. Bi Mwanakheir akamsikiliza, akamuuliza umri, akamuuliza rangi ya damu, akamuuliza zimepita siku ngapi baina ya damu na damu. Kisha akasema: "Hiyo si hedhi, mwanangu. Hiyo istihadha, damu ya ugonjwa. Haikuzuii kusali wala kufunga. Jisafishe, jifunge kitambaa, tawadha kwa kila sala, usali."

"Alhamdulillahi!" Bi Asila akashusha pumzi. "Nilikuwa na dhiki, nilidhani sala zangu zote zinapotea."

"Asila, umesikia nilivyosema? Damu ya ugonjwa. Ya sala nshakujibu. Ya ugonjwa kamuulize mwenye kazi yake."

"Inshaallah, Bi Mwanakheir, inshaallah."

Wakatoka. Njiani mama anatembea mwepesi kama aliyetua mzigo. Kati ya yale maneno yote alichukua yale ya sala, yaliyobaki akayaacha kule kule ukumbini kwa Bi Mwanakheir.

Ibtisam ndiye aliyemsukuma mpaka kituo cha afya cha Ng'ambo. Alimwambia mama kuwa anayeumwa kichwa ni yeye Ibtisam, akamfikisha kwa hila. Muuguzi pale alikuwa Bi Sichana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, na mwenye moyo mzuri. Ibtisam alipoona zamu yao imefika, akamnong'oneza muuguzi kuwa mgonjwa hasa ni mama.

"Ahaa," Bi Sichana akasema. "Karibu, dada. Bibi mzima, siku zimekwisha, na damu inarudi. Hii hatuiachi. Lazima tukutazame ndani, kwenye shingo ya kizazi. Ni kitu kidogo. Unalala kitandani, naweka chombo kama mdomo wa bata, naipaka siki, nangojea dakika moja. Pakigeuka peupe, nshajua pa kukupeleka."

"Siki?" Bi Asila akatoa macho. "Mie achari?"

"Achari tungekutia na pilipili," Bi Sichana akajibu, wakacheka wote wawili. Kisha muuguzi akanyoosha kidole kwenye pazia. "Haya, vua huko, nakuja. Ni mimi tu, mwanamke mwenzio."

Kicheko kikakatika. Bi Asila akajikunja ndani ya buibui lake. "Mie nimezaa watoto watatu, wawili wana nyumba zao, na mkunga hajaniona pasi na kanga. Leo nimeshakuwa bibi, wajukuu mlangoni, ndo nijitandaze mbele ya taa? Hapana, dada. Nipe vidonge."

"Vidonge vya kitu nisichokijua?"

"Basi nitarudi siku nyengine."

Bi Sichana akamtazama Ibtisam. "Mwanangu, mrudishe."

"Naam," Ibtisam akasema, macho chini.

Hawakurudi. Maana siku ya tatu tu alikuja Mamkubwa Tamima kutoka Chukwani. Huyu ni dadake Bi Asila, mkubwa kwa miaka minne, na nyumba nzima ikimsikia yeye. Bi Asila akamfungulia siri. Mamkubwa akapiga makofi.

"Unajisumbua na siki za nini, mdogo wangu? Dunia imeendelea! Hujamsikia Mmanga, yule mwenye maabara mpya pale Darajani? Anapima saratani kwa damu. Sindano moja ya mkono. Huvui hata mtandio. Damu inapandishwa ndege, inakwenda kwenye mashine kubwa huko bara, baada ya wiki mbili unaletewa karatasi, imepigwa mhuri. Mie nshapima, na mashoga zangu wanne. Wote safi."

"Kwa mkono tu?"

"Kwa mkono, kama unavyopimwa malaria. Heshima yako iko pale pale."

Bi Asila alikaribia kulia kwa furaha. Na kwa kuwa habari hii haikuwa na cha kuonewa haya, siku hiyo hiyo Bwana Suud akaambiwa, naye akamuamini Mamkubwa, akatoa pesa bila ya neno. Tazameni wenyewe. Ugonjwa ulipokuwa chini ya kanga, ulikuwa siri. Ulipoingia kwenye kichupa cha damu, ukawa mazungumzo ya sebuleni.

Karatasi ilikuja siku ya Ijumaa, baada ya sala. Mamkubwa ndiye aliyekwenda kuichukua. Sebuleni walikuwa wamekaa Bwana Suud, nduguye Ami Muhiddin aliyekuja kula chakula cha mchana, Mamkubwa, na Bi Asila nyuma kidogo karibu na mlango wa jikoni. Karatasi ni ya Kiingereza tupu.

"Muiteni Ibtisam," Bwana Suud akasema. "Kiingereza chetu sisi cha bandarini."

"Ibtisam!"

"Naam!"

Akaja anakausha mikono. Akapewa karatasi, akasimama katikati ya zulia, watu wazima wote wanamtazama mdomo. Akasoma jina la mama. Akasoma tarehe. Akasoma nambari, na pembeni pake mipaka ya nambari, akaona ya mamake iko ndani.

"Hapa wameandika… kiwango chake ni cha kawaida."

"Allahu akbar!" Ami Muhiddin akasema.

"Nilisema mie!" Mamkubwa akadakia. "Nilisema au sikusema?"

"Ngojeni amalize," akasema Bwana Suud. "Kuna jengine, mwanangu?"

Kulikuwa na jengine. Chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na mstari mmoja. Ibtisam aliusoma kwa macho, akaufahamu wote, hakukuwa na neno hata moja lililomshinda. Ulisema: Jawabu hii haithibitishi kuwa mgonjwa hana saratani ya shingo ya kizazi. Afanyiwe uchunguzi wa ukeni.

Uso ukamuwaka moto. Neno lile! Alitamke vipi mbele ya babake? Mbele ya Ami Muhiddin, ambaye hata akipita ukumbini Ibtisam huteremsha mtandio? Nitamwambia mama jikoni, akawaza. Wakitoka wanaume tu, nitamwambia.

"Hakuna jengine, baba," akasema. "Ni salama."

Jamaa zangu, msimlaani haraka. Nani kati yenu angelitaja? Nani kati yetu aliyefunzwa jina la kile kiungo bila ya kupigwa kofi la mdomo? Lakini pia msimsamehe haraka, maana mnakuja kuona.

Wanaume walitoka alasiri. Ibtisam akaenda jikoni, maneno kayapanga. Akamkuta mama kaegemea sinia la halua, anakata vipande vya kupelekea majirani, machozi ya furaha yanamtiririka. Bi Asila akamvuta, akamkumbatia na mikono yake imejaa hiliki.

"Umeniletea kheri, mwanangu. Wiki zote hizi nilikuwa silali. Leo nitalala."

Ibtisam akashika kisu cha halua. Kesho, akasema moyoni. Mwache alale leo.

Kesho ikaja na wageni. Keshokutwa skuli ilikuwa na mitihani. Kisha zikaja pirika za mwisho wa Shaabani, kisha Ramadhani yenyewe, na Bi Asila akafunga mwezi mzima bila ya kukosa siku, akijivunia. Damu inatoka, anajifunga kitambaa, anatawadha kwa kila sala kama alivyofunzwa. Karatasi ya Mmanga aliitia ndani ya plastiki, akaiweka kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Akisikia maumivu ya kiuno anasema ni baridi. Akichoka anasema ni saumu.

Baada ya Idi ikaja harufu. Bi Asila mwenyewe aliihisi kwanza, akanunua udi. Nyumba ikafukizwa asubuhi, ikafukizwa jioni, na kanga zake akazilaza juu ya chetezo usiku kucha. Bwana Suud akawa anatania: "Mke wangu siku hizi ananukia kama bi harusi. Sijui ananitakia nini." Ibtisam akisikia utani ule alikuwa anakwenda kujifungia msalani.

Siku moja akajaribu. Mama alikuwa amenyoosha mguu wa kushoto juu ya kigoda, umevimba, ukibonyezwa unabaki shimo.

"Mama, twende kwa Bi Sichana."

"Kufanya nini? Si nshapimwa?"

"Mama, ile karatasi…"

"Ile karatasi umeisoma mwenyewe, Ibtisam. Kwa mdomo wako."

"Niliisoma, lakini…"

"Lakini nini?"

Mama akamtazama, uso umekonda, macho yamekuwa makubwa. Kama Ibtisam angelisema sasa, ilikuwa aseme pia kwamba siku ile alisema uongo. Kwamba halua ile yote ililiwa juu ya uongo wake.

"Lakini ni ya zamani," akasema.

"Miezi mitatu ndo zamani? Nenda kasome vitabu vyako."

Yaliyokuwa yakifichwa yalitoka hadharani siku ya harusi ya binti wa jirani, mwezi wa Januari. Wanawake wamejaa uwanjani, wamevaa, wamejipamba, ngoma inalia. Bi Asila alikataa kubaki nyumbani. Alisema mtoto yule yeye ndiye aliyembeba mgongoni, hawezi kumkosa. Alikaa kwenye kiti cha mbele. Bi harusi alipotolewa akasimama ili ampigie vigelegele, na sauti haikutoka. Akaanguka. Gauni lake lilikuwa la rangi ya maziwa, na lilipopinduka watu waliona damu imemteremka mpaka kwenye nyayo, si ya kudondoka, ya kumiminika, na bado inakuja. Ngoma ikanyamaza. Wanawake mia mbili wakasimama kumtazama mwanamke ambaye hakutaka kuonwa na mmoja. Ibtisam akajitupa juu yake, akavua buibui lake mwenyewe kumfunika, huku anapiga kelele: "Msitazame! Msitazame! Leteni gari!"

Spitali walimpokea mbio. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke, Daktari Nasima, mdogo wa umbo, haongei sana. Aliingia na Bi Asila ndani, akakaa naye muda mrefu. Nje kwenye benchi wamekaa Bwana Suud, Ami Muhiddin, Mamkubwa Tamima na Ibtisam. Daktari alipotoka, alivua glavu, akakaa kwenye kiti akiwaangalia kwa zamu.

"Mume ni nani?"

"Mimi."

"Bwana, damu tumeizuia kwa leo. Lakini mkeo ana saratani ya shingo ya kizazi. Si ndogo. Imeshatoka ilipoanzia, imetanda mpaka ubavuni mwa nyonga, imebana njia ya mkojo na mishipa ya mguu, ndo maana mguu umevimba. Hii haikuota jana. Alikuwa anatokwa na damu muda gani?"

Bwana Suud akatikisa kichwa kama aliyepigwa. "Haiwezekani. Daktari, haiwezekani! Yeye kapimwa. Kapimwa saratani, hana. Karatasi hii hapa, Tamima, itoe."

Mamkubwa alikuwa ameshapita nyumbani kuichukua. Akaitoa mkobani na plastiki yake, akamtilia daktari mkononi kwa nguvu, kama mtu anayeshinda kesi. "Isome, daktari. Mhuri huo."

Daktari Nasima akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akauliza polepole: "Nani aliyewafasiria hii?"

Ibtisam akainama kurekebisha kiatu.

"Kipimo hiki ni cha kweli, sikatai. Lakini tunakitumia kwa mgonjwa ambaye tayari tunamjua, kutazama kama dawa zinamsaidia. Hakifai kumtafutia saratani mtu ambaye hajatazamwa. Mtu anaweza kuwa nayo na damu yake isionyeshe kitu. Huko duniani wataalamu wanakitafuta kipimo cha damu cha kuigundua mapema, na siku kikipatikana nitakuwa wa mwanzo kufurahi, maana najua mnavyoona haya. Lakini leo hatunacho. Na wala karatasi haikukuficheni. Imesema hapa chini."

Akaweka kidole kwenye ule mstari, akausoma kwa Kiswahili, wote, bila ya kupunguza sauti. Na lile neno akalitaja. Ukuta haukuanguka. Ami Muhiddin hakukimbia. Bwana Suud hata hakupepesa macho. Lilikuwa neno tu, limepita hewani, limekwisha.

Kichwa kimoja kimoja kikageuka kumtazama Ibtisam.

"Mstari huu siku ile ulikuwepo?" babake akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, kama si yake.

"Ulikuwepo, baba."

"Uliusoma?"

"Niliusoma."

"Uliufahamu?"

"Niliufahamu."

"Sasa kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

"Niliona haya," Ibtisam akasema. "Mlikuwepo wanaume."

Bwana Suud alikaa chini. Si kwenye benchi. Chini, sakafuni, na kanzu yake nyeupe, mbele ya wagonjwa wanaopita. Alikamata kichwa kwa mikono miwili. Ami Muhiddin akasimama juu yake hajui amshike wapi. Na Mamkubwa Tamima akamnyooshea Ibtisam kidole, akasema maneno ambayo mtoto yule atazikwa nayo: "Umemuua mamako kwa kunyamaza."

"Mama," daktari akamkatiza, "huyu ni mtoto. Na nani aliyempeleka mamake kwa Mmanga?"

Mamkubwa akachukua mkoba wake, akaondoka bila ya kumuaga mtu.

Mmanga naye walimfuata. Bwana Suud alikwenda pale Darajani na Ami Muhiddin, wamejiandaa kumvunja. Mmanga aliwakaribisha viti, akawasikiliza, akawapa pole. Akasema yeye ni muuza vipimo, si daktari. Akasema karatasi inajieleza yenyewe. Hakuwa mwizi wa kufungwa, na hilo ndilo lililowauma zaidi. Walitoka pale hawana hata wa kumpiga.

Bi Asila alivushwa Dar es Salaam kwenye hospitali ya saratani. Walimchoma kwa miale, si kwa kumponya, kwa kumpunguzia. Akarudi Mkunazini mwepesi kama kapu tupu. Ibtisam aliacha skuli muhula ule akamuuguza yeye, akamuogesha yeye, akamvua na kumvika, hakuna tena cha kuficha baina yao. Siku moja anamkanda mguu, akamuomba radhi. Alilia mpaka akapaliwa.

"Nyamaza," mama akasema. "Nilikwisha kukuwia radhi kitambo. Na pengine hata ungeliusoma, mie ningelikataa. Unanijua."

"Pengine ungelikubali, mama."

Bi Asila akafikiri. Alikuwa mkweli, hata pale. "Pengine," akasema.

Akafariki alfajiri ya Jumatano, mwezi wa Mei, 2007. Ibtisam alibakiwa na lile "pengine", na hakuna mtu duniani wa kumtua mzigo huo.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Jamaa zangu, funzo nalisema wazi, nisije nikawa kama yule niliyemsimulia. Mwanamke anayetokwa na damu nje ya siku zake, au baada ya siku zake kukoma, au baada ya kukutana na mumewe, ana ugonjwa mpaka atazamwe ijulikane vyengine. Hata dini imeshaiita damu ya ugonjwa, sisi tumeshika nusu ya fatwa. Na hata asiyetokwa na damu akatazamwe, maana ugonjwa huu huanza kimya, na ukikutwa pale mwanzo unatibika. Kuchomwa sindano ya mkono hakutoshi. Anayekuuzia karatasi kwa sababu umeona haya, biashara yake ni hiyo haya.

Kina baba, mkiletewa jawabu za wake zenu, ulizeni, na ulizeni tena, na mtoke chumbani mtoto apate kusema. Kina mama, wafunzeni binti zenu majina ya miili yao kama mnavyowafunza majina ya mboga. Haya ni pambo la muumini, lakini Mola hakuiumba itufunge midomo mtu anakufa. Na wewe msichana unayejua kusoma, ukipewa karatasi ya mtu, soma mpaka chini.

Ibtisam sasa anasoma mpaka chini. Katika siku za matanga alimuona Mamkubwa Tamima amekonda, kila akiinuka anashika kiuno, na akasikia anawaambia wenzake kuwa ni baridi yabisi, kwamba yeye hana wasiwasi, karatasi yake ya Mmanga haina mstari wowote. Na ni kweli haina. Alikuwa ameikata chini ili ienee kwenye fremu ya picha.

Mamkubwa hasemi naye tangu siku ile ya spitali. Akipiga simu inakatwa. Basi wiki iliyopita Ibtisam akachukua simu ya babake, akakaa nayo saa nzima, akaandika:

"Shikamoo mamkubwa. Ni Ibtisam. Karatasi yako ilikuwa na mstari ule ule wa mama. Ulisema haithibitishi kuwa huna saratani ya shingo ya kizazi, uende ukatazamwe ukeni. Bi Sichana yupo kila Jumanne. Nitakupeleka mimi, nitakushika mkono. Nichukie ukitaka lakini nenda."

Akabonyeza. Simu ikaandika kuwa ujumbe umefika. Jumanne imepita, na hii nyengine nayo inapita, na Mamkubwa hajajibu.